Bulwe si ndugu wa kaloli, jamani

Bango jingine la utalii limetoka: picha ya bulwe, yule ndege mkubwa wa kinamasi cha Mabamba nchini Uganda, na chini yake maelezo kwamba ni ndugu wa kaloli, ndege wa majalalani. Ndugu! Labda kwa kuwa wote wana sura ya afande aliyenyimwa posho.

Kaloli, Leptoptilos crumenifer, ni korongo halisi, na ana wenzake wawili wa jenasi hiyohiyo huko Asia. Bulwe, Balaeniceps rex, yuko peke yake katika familia nzima. Wataalamu walizoea kumweka na makorongo. Utafiti wa mifupa wa 1957 ukamsogeza upande wa mwari, na DNA ikaja kuthibitisha. Jamaa zake wa karibu ni fundichuma na mwari.

Nakubali, shingo upande, kwamba kosa linaeleweka, na ni shingo hasa inayowaponza watu: korongo wengi huruka wameinyoosha, ila kaloli huikunja, na bulwe naye huikunja. Basi tazameni mdomo. Wa kaloli umechongoka kama sururu. Wa bulwe ni mpana, umevimba, na ncha yake ina ndoano.

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu msomaji wa bango huona kaloli wamejaa kila jalala la Kampala, akadhani na bulwe wapo tele. Kaloli hatii wasiwasi wowote kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima viumbe walivyo karibu na kutoweka. Ana shibe kuliko sisi wapiga kura. Bulwe yumo kati ya walio hatarini, na dunia nzima anakadiriwa 5,000 hadi 8,000 tu. Hula hasa samaki aitwaye kamongo, anayemvizia akija juu kuvuta hewa. Kinamasi kikilimwa mpunga, kamongo hana pa kukaa. Kiota hujengwa juu ya majani yanayoelea, na kiangazi moto wa mafunjo hukipitia. Mayai ni moja hadi matatu, lakini kwa kawaida kifaranga kimoja ndicho hupona, maana mkubwa humdonoa mdogo. Anayeiba huyo mmoja kwenda kumuuza amechukua uzazi wote wa jozi hiyo kwa msimu.

Halafu nyinyi wenye mitumbwi ya watalii. Jua likichoma, mzazi hubeba maji mdomoni na kuyamwagia mayai. Mkimtimua ili mtalii apate picha, mayai yanabaki juani. Zimeni injini mbali, pigeni kasia, na akianza kusimama kwenye kiota, geuzeni.