Kriketi Haikuondoka na Wahindi Mwaka 1972

Nikimsikia kijana akisema kriketi ya Uganda imeanza juzi, Brian Masaba alipoiongoza timu kwenye Kombe la Dunia la T20, kriketi ya muda mfupi, mwaka 2024, namwelewa. Hakuwepo. Lakini mzee anayesema mchezo huu uliondoka na Wahindi mwaka 1972 ananiumiza, maana yeye alikuwepo.

Nilikulia Walukuba, Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwandani. Kila kabila lilikuwa pale, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Jumamosi asubuhi mjomba alikuwa akinichukua nikamsaidie kubeba mkeka. Klabu yake haikuchezea nyasi. Ilikuwa na sakafu ya saruji, na juu yake tulitandaza mkeka wa makumbi, tukauvuta hadi ukakaza, kisha tukaupigilia misumari mirefu kwenye udongo pembeni. Ukiacha mkunjo mmoja tu, mpira wa ngozi unamrukia mtu usoni.

Mjomba hakusifika kwa kupiga wala kurusha. Yeye alishika daftari. Kila mpira uliorushwa aliuwekea alama yake: nukta kwa mpira usiozaa kitu, tarakimu kwa mikimbio, yaani pointi za mchezo, W kwa wiketi, yaani mpigaji aliyetolewa. Daftari la mwaka 1972 bado ninalo. Hadi Julai majina yamechanganyika, Patel na Shah wamekaa na Mukasa na Waiswa. Agosti Idi Amin akatoa amri yake, akawapa Wahindi siku 90 waondoke nchini. Ukurasa wa Oktoba, upande wa klabu yetu una majina 7. Watu 7, kwenye mchezo wa watu 11! Zinafuata kurasa 3 tupu. Halafu inarudi penseli ya mjomba, na majina yametimia 11.

Kwa hiyo nani anasema kriketi ilikufa? Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kucheza Kombe la Dunia la kwanza. Ilipoteza mechi zake zote 3, lakini kikosini walikuwemo Waafrika wawili kutoka Uganda, John Nagenda na Sam Walusimbi. Hawa hawakuokotwa njiani. Mchezo waliujulia hapa nyumbani.

Wala sikubaliani na wanaotaka kuwafuta Wahindi ili hadithi iwe yetu peke yetu. Mjomba alifundishwa kujaza daftari na mwenye duka la vitambaa wa Main Street, na saruji ile tuliyotandikia mkeka walichangia wao. Tazama pia mechi ya Kombe la Dunia iliyochezwa Guyana, tarehe 5 Juni 2024, tulipoifunga Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova 4, kila ova mipira 6, akaruhusu mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Kisha Riazat Ali Shah, mzaliwa wa Pakistan, akapiga mikimbio 33 na kutuvusha. Ungeiandika mechi ile kwenye daftari la mjomba, ungepata ukurasa unaofanana na ule wa Julai.

Ombi langu kwa klabu zetu za mtaani ni moja. Acheni kutuandikia orodha ya wenyeviti na vikombe mkiiita historia. Pigeni picha madaftari, rekodini wazee kwa simu zenu, na mfanye hivyo mwaka huu. Madaftari mengine ya mjomba yaliliwa na mchwa katika stoo ya klabu, na hakuna aliyestuka.

Macho yake sasa yamechoka, hivyo mwezi uliopita nilimsomea lile lililobaki. Nilipofika ukurasa wa Oktoba, jina la saba, akanishika mkono.

"Mwanangu, kuna wa nane. Alikuwa anatoka Kakira. Alifika jioni, mkeka tumeshaukunja, akatuaga mmoja mmoja. Mwandike."

Akanitajia jina. Nikaisaka penseli, nikamwandika.