Jumba Liliungua, Karatasi Ikabaki

Kila mwaka tarehe 28 Juni, mkesha wa sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, mjumbe wa mfalme wa Napoli alimpelekea Papa farasi mweupe na sarafu 7,000 za ducati. Farasi huyo alifundishwa hata kupiga magoti. Sherehe iliitwa Chinea, na giza likiingia, watu wa Roma walijazana mbele ya jumba la Farnese kungoja fataki.

Fataki zilirushwa kutoka kwenye jumba la uongo: mbao, turubai na karatasi iliyokandwa kwa gundi, juu yake rangi ya kukufanya uape kwamba ni marumaru. Nguzo, sanamu, mawingu, kila kona nakshi. Usiku mmoja tu, basi. Kesho yake linasimama jingine, nalo linateketea.

Tunayajua majumba hayo kwa sababu picha zake zilichapwa. Nyingi alizichonga kwenye mabamba ya shaba Giuseppe Vasi, mzaliwa wa Corleone, Sisilia, aliyehamia Roma mwaka 1736 na kuichora mitaa yake maisha yake yote. Piranesi, mchonga chapa mashuhuri, alijifunza kwake, na siku hizi jina la mwanafunzi limemfunika mwalimu. Hilo linaniuma. Linaniuma zaidi chapa hizi zikiitwa mapambo ya ukutani, kitu cha kupita haraka ukielekea kwenye picha za rangi.

Ikuze moja kwenye simu uone. Lile anga la kijivu halina kijivu hata kidogo. Ni mistari myeusi, mamia kwa mamia, imelazwa ubavu kwa ubavu. Kila mstari umekwaruzwa kwa sindano kwenye bamba la shaba lililopakwa nta, kisha tindikali ikala pale sindano ilipopita. Tena kinyume, maana picha hugeuka ikichapwa: kulia kuwe kushoto, na maandishi ya chini, yenye jina la msanifu Paolo Posi na la Vasi mwenyewe, yaandikwe nyuma mbele.

Najua, zilikuwa sifa za kumpamba mfalme. Lakini tazama chini kabisa, kwenye vile vijitu vidogo vilivyosimama uwanjani. Chapa ziligawiwa wageni wakati wa sherehe yenyewe, maana yake Vasi alishamaliza kazi kabla moto haujawashwa. Mgeni alisimama pale, karatasi mkononi ikinukia wino, akiangalia jumba lilelile likiungua mbele yake.