Vita vinachoreka

Tulikuwa barazani Mji Mkongwe, mimi na vijana wa mtaani, tukitazama filamu ya makala inayowafuata wachoraji wa katuni wakipita Bosnia baada ya vita. Haijafika nusu, mzee mmoja akaweka chini kikombe chake cha kahawa. "Watu wamekufa, nyinyi mnawachora katuni?"

Simlaumu. Kwetu katuni ni Kingo na kurasa za Sani, kitu cha kuchekea. Wapo wenye hoja ya dini juu ya kuchora viumbe wenye roho, nayo si ya kupuuzwa katika mji kama huu. Tena mchoraji hufika mambo yameshapoa, akachora hata mvua ambayo pengine haikunyesha. Mahakamani mchoro wake haumtii mtu hatiani.

Lakini mchoraji wa katuni Joe Sacco alipofika Goražde, mji wa Bosnia, mwishoni mwa 1995, alikaa na wenyeji waliozingirwa zaidi ya miaka mitatu, akala nao, akawasikiliza. Kitabu chake cha mwaka 2000 kinaonesha hata mitambo midogo waliyoiunda wenyewe na kuielesha kwenye mto Drina ili wapate umeme. Hayo huyaona mtu asiyekuwa na haraka.

Nasi tunayo yetu. Januari 27, 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji Unguja na Pemba. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa kuwa angalau 35. Hesabu ya serikali ilikuwa pungufu. Wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Miaka yote hii tunaigombania nambari hiyo, ni 35 au si 35, na kila tunapoigombania wale watu wanazidi kupotea ndani yake. Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, mwaka 2012 walipanga barabarani viti vyekundu 11,541, kimoja kwa kila aliyeuawa mji ulipozingirwa, na vya watoto vilikuwa vidogo. Ukisimama mbele ya kiti kidogo kitupu, hubishani na hesabu. Mchoro nao unaweza kutufanyia hivyo.

Tangu Maridhiano ya 2009 kati ya CCM na CUF, wapo wanaosema kuyarudia hayo ni kufukua makaburi. Hofu yao naielewa, kisiwa ni kidogo na kila mtu anajuana. Ndiyo maana naiamini kalamu kuliko kamera: sura ya msimuliaji itabadilishwa, kisa kibaki kilivyo.

Mama mmoja wa Micheweni aliwahi kunihadithia usiku waliovuka. Nilipotoa simu nirekodi, alivuta kanga usoni na maneno yakakatika. Nikairudisha mfukoni. Akainama, akachora dau mchangani kwa kidole: hapa kaketi bibi, hapa yeye na mtoto, hapa maji yakiingia. Nikamuuliza kama naweza kulinakili kwenye daftari langu. "Lichore, mwanangu," akasema. "Mimi usinitie."