Panzanella ni ya mkate mkavu

Panzanella ya mkate laini wa leo, kwangu mimi, si panzanella. Hii ni saladi ya Toscana, Italia, chakula cha wakulima ambao hawakutupa mkate eti kwa sababu umekauka. Mkate wa huko hauna chumvi, na ukilala siku mbili tatu huwa mgumu kweli. Huo ndio unaotakiwa. Unalowekwa kwenye maji yenye siki kidogo, unakamuliwa kwa mkono mpaka maji yaishe, kisha unafikichwa kwa vidole. Hapo tena ndipo zinapoingia nyanya zilizoiva hasa, kitunguu maji, tango, rehani na mafuta ya zeituni, na kwenye mafuta usifanye uchoyo. Mkate mpya ukiufanyia hivyo unakuwa bonge la kunata. Ule mkavu unaachana, chembe kwa chembe.

Siku hizi watu wanachoma vipande vya mkate mpya na kuvimwaga juu ya nyanya chakula kikiwa kinapelekwa mezani. Vinakwaruza meno, basi, havijaonja nyanya kabisa. Liacheni bakuli likae nusu saa, tafadhali! Chumvi iitoe nyanya maji yake, mkate uyanywe.

Na mkate ulitangulia. Nyanya ilifika Ulaya karne ya 16 kutoka Amerika, wakati huko Andalusia, Hispania, watu walikuwa tayari wanatwanga mkate na kitunguu saumu, mafuta na siki, wakiita gazpacho. Salmorejo, supu baridi ya mji wa Córdoba huko huko Andalusia, bado iko karibu na asili hiyo: nyanya, mkate, kitunguu saumu, mafuta na chumvi, vikasagwa pamoja mpaka viwe vizito kama uji wa mgonjwa anayepata nafuu. Juu huwekwa yai la kuchemsha na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Asiyekula nguruwe aishie kwenye yai, hajakosa kitu.

Kisiwani Krete, Ugiriki, mkate wenyewe ni wa shayiri, umeokwa mara mbili. Kwenye dakos, chakula cha huko, nyanya hukunwa juu ya mkate huo, ikafuatiwa na jibini laini na oregano, jani la kiungo.

Tabule, saladi ya pasli ya Lebanoni, nayo naidai hivyo hivyo. Bulguri, yaani ngano iliyovunjwavunjwa, iwe ile laini, na msiichemshe: maji ya nyanya na limau yanatosha kuilainisha. Halafu iwe kidogo tu, pasli ndiyo ijae bakuli.