Yai la Ishirini na Nne

Leo ni siku ya tatu tangu Pasaka, na ndani ya nyumba hii kuna yai moja ambalo hakuna mtu mzima anayejua liliko. Niliwafichia watoto wayatafute, yalikuwa 24. Yamepatikana 23. Nimehesabu kwa vidole, nimehesabu kwa kalamu, nikamwamuru mtoto wa pili ahesabu kwa kikokotoo, jibu ni lile lile. Harufu haijaanza bado, ila mimi naisikia kwa mawazo. Kila nikivuta pumzi navuta nusunusu, kama mtu anayeonja mboga kwa wakwe.

Kwa sasa nimejikalia zangu kwenye kiti changu. Hiki hakikaliwi na mwingine, na ndiyo sheria pekee niliyowahi kuiweka humu ndani ikadumu. Naandika nipunguze uchungu.

Yalianza pale mke wangu aliposema, "Mwaka huu tena tufanye kitu cha kifamilia." Wenzangu, mkisikia neno "kifamilia", jueni kazi ni ya mtu mmoja. Na yeye akitaka kunitwisha mzigo hunisomea historia kwanza. Eti mwaka 1682 kulikuwa na daktari wa Kijerumani, Georg Franck von Franckenau, aliyeandika kuhusu sungura wa Pasaka anayetaga mayai na kuyaficha majanini, watoto wakayasake. Sungura! Anataga! Sungura ninayemjua mimi ni yule wa "sizitaki mbichi hizi", mjanja asiyemfanyia mtu kazi hata ya dakika moja. Nikauliza, kama sungura anataga na kuficha mwenyewe, mimi naitiwa nini?

"Sungura ni wewe, Baba watoto."

Akaendelea. Tarehe 7 Aprili 1833 binti Victoria wa Uingereza, akiwa na miaka 13, hajawa malkia bado, aliandika kwenye shajara yake kwamba mama yake aliandaa mayai yaliyopambwa, nao wakayatafuta. "Umeona?" akasema. Nimeona, nikamwambia, nimeona neno "mama". Mama ndiye aliyehangaika. Hapo alijifanya hajasikia, akafungua ukurasa mwingine.

Kusema kweli, mataifa mengine yamejipanga. Ufaransa wanawaambia watoto kwamba kengele za makanisa zinanyamaza tangu Alhamisi Kuu kwa sababu zimekwenda Roma, na zikirudi siku ya Pasaka zinadondosha mayai njiani. Basi, imekwisha. Nani atakwenda kuiuliza kengele umeficha wapi? Marekani nako, tangu mwaka 1878 wakati wa Rais Hayes, watoto wanabiringisha mayai kwenye nyasi za Ikulu. Yai linaonekana mwanzo hadi mwisho, liko mbele ya macho, linabiringika. Hayo ndiyo mawazo ya watu wenye akili. Mimi nimeangukia kwenye ukoo wa kuficha.

Na chanzo cha yote ni kuku. Zamani huko Ulaya mayai yalikuwa mwiko wakati wa Kwaresima, siku 40 nzima, lakini hakuna aliyewapelekea kuku taarifa. Wakaendelea kutaga. Pasaka ikifika nyumba imejaa mayai, watu wakayapaka rangi, wakapeana, wakachezea. Mimi friji yangu haikujaa. Nimekwenda kuyanunua makusudi ili niyapoteze.

Jumamosi tukapaka rangi. Mke wangu hataki rangi za dukani, anataka za jikoni. Maganda ya vitunguu ukiyachemsha yanatoa hudhurungi ya kupendeza, bizari inatoa njano, bitiruti inatoa waridi, na kabichi ya zambarau, nayo hii ilinishangaza, inatoa bluu. Unatia siki kidogo ili rangi ishike kwenye ganda, halafu unasubiri. Tatizo liko kwenye kusubiri. Yai la bluu linataka kulala kwenye maji yake saa kadhaa, na kitinda mimba alikuwa analitoa kila baada ya dakika moja kuliangalia kama limeiva rangi, anarudisha, anatoa, anajifuta kwenye kochi. Mpaka jioni vidole vyangu vilikuwa na rangi ya mtu aliyekufa maji.

Kumbe wakati huo huo alikuwa "anamsaidia mama", amechukua mayai mabichi kwenye trei akayachanganya na ya kuchemsha. Yote meupe, yote kimya. Utayajuaje? Kuna njia: liweke mezani ulizungushe. Lililochemshwa linazunguka kama pia, limetulia, lina heshima zake. Bichi linayumba kama mlevi anayetafuta funguo. Basi usiku huo, baba wa watu wanne, nimeinama mezani nazungusha mayai ya rangi rangi moja baada ya jingine, na kila la mlevi naliweka pembeni nachukua jingine. Nilizungusha 23. La mwisho, la bluu, lilikuwa halijakauka, nikasema ah, hili moja litakuwa limechemka tu.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapa mnisikilize. Mwaka jana kifungua mimba, ana miaka 14 na miguu ya twiga, alikusanya mayai 19 peke yake. Kitinda mimba alipata mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa jiwe. Kilio chake kilisikika hadi kwa majirani wa mtaa wa tatu. Kwa hiyo mwaka huu kila mtoto ana rangi yake na idadi yake: sita sita. Waridi ya fulani, njano ya fulani, na ya mdogo unaificha kimo cha macho yake, ya mkubwa unaificha mpaka ajute kukua. Sheria nikaitangaza kwa sauti ya jeshi: "Ukiona yai lisilo la rangi yako, pita kimya. Usiguse, usinong'one, usicheke." Nawaambia wazazi wenzangu, katika mawazo yote ya mchezo huu, hilo ndilo lenye maana kuliko yote. Hakuna kugombana, hakuna kusukumana. Kitinda mimba alinipigia saluti kabisa.

Kuficha ndiko kuliniua. Nilipanga niyafiche usiku, nilale. Mke wangu akasema hapana, yai la kuchemsha likikaa nje ya friji zaidi ya saa mbili haliliki tena, ficha asubuhi kabla hawajaamka. Saa kumi na moja alfajiri niko uwanjani na kikapu, nimevaa kandambili moja ya kwangu na moja ya mke wangu, nainama, nachutama, nanyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi. Watu wa busara hupiga picha kwa simu kila wanapoficha. Mimi niliandika orodha kwenye karatasi, halafu nikaificha hiyo karatasi watoto wasiione. Hawajaiona. Hata mimi sijaiona.

Ya mtoto wa pili niliyatafutia vidokezo vya vitendawili, maana anajifanya msomi. Kitendawili! Tega! "Nyumba yangu haina mlango." Akajibu "yai" kabla sijamaliza kufumba mdomo, nikaona huyu nimpe la maana. "Kila niendapo ananifuata." Jibu ni kivuli, na yai nililiweka pale ncha ya kivuli cha mti ilipoangukia. Nilijisifu peke yangu. Nimelificha saa kumi na mbili na nusu jua ndio linachomoza, kivuli kimelala hadi ukutani. Mtoto akaja kusoma kidokezo saa tatu na nusu. Kivuli kilikuwa kimesharudi nyuma hatua nane! Amechimba shina la ule mti kama mchwa. Nilipomweleza akanitazama kwa huruma, akasema, "Baba, jua linatembea." Dunia ndiyo inayozunguka, nikamwambia, lakini heshima ilikuwa imeshatoka.

Kwa wa tatu, asiye na subira, tulitumia ule mchezo wa moto na baridi. Akikaribia unasema moto, akienda mbali unasema baridi. Rahisi, hauna karatasi, hauna gharama. Shida yake ni koo. Nimesema "baridi" mara nyingi mpaka jirani akauliza kwa juu ya ukuta kama ninaumwa.

Kijana wa miaka 14 je? Huyo kwake mayai ni utoto. Mke wangu akapendekeza sanduku lenye kufuli la namba: kila yai la plastiki lina tarakimu moja ndani, akizipata nne anazipanga, anafungua, anakuta zawadi. Wazo zuri sana, sikatai. Nilitumia jioni nzima kuweka zile tarakimu ndani ya mayai. Kijana akaliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akajaribu mwaka wangu wa kuzaliwa. Kufuli ikafunguka. Hakutafuta hata yai moja. Alichukua zawadi, akarudi kulala, na yale ya bluu yake akayaokota mchana kwa kusukumwa na mama yake, matano, akasema yamekwisha.

Halafu kuna vile vikaratasi. Lo! Mke wangu alisoma mahali kwamba badala ya kujaza pipi kwenye mayai ya plastiki, na kama una mbwa chokoleti ndiyo usiitupe tupe kabisa kwa sababu kwake ni sumu, weka vikaratasi vya ahadi. "Leo huoshi vyombo." "Ongeza nusu saa ya kukesha." "Baba atatandika kitanda chako." Vitamu kusoma. Sasa watoto wamevikusanya, wamevibadilishana, wamefungua soko. Jana jioni niliuliza nani zamu yake ya vyombo, wakanitolea vikaratasi vinne, vyote halali, vyote kwa mwandiko wangu. Nimeosha vyombo siku tatu mfululizo. Mke wangu naye ana kimoja. Sijui alikipata kwenye yai gani.

Nikilalamika kuhusu lile yai lililopotea ananipa moyo kwa namna yake. "Usijali, hata wafalme walipoteza." Kumbe Fabergé, yule sonara wa Urusi, mwaka 1885 alimtengenezea mfalme Alexander III yai la Pasaka la kumpa mkewe: ganda jeupe, ndani kiini cha dhahabu, ndani ya kiini kuku wa dhahabu. Yakatengenezwa mayai 50 ya kifalme, na kadhaa hayajulikani yaliko hadi leo. Moja lilikuja kuonekana Marekani kwa mtu aliyelinunua aliyeyushe auze dhahabu yake. Lilikuwa jikoni kwake tu. Nikamwambia mke wangu yai la dhahabu likipotea miaka 100 halinuki. Langu lina siku.

Nimesikia pia kuna mayai yanayotoa mlio, ya kuwatafutisha watoto wasioona. Wazo hilo nalivulia kofia. Natamani hata haya ya watoto wanaoona yangekuwa yanalia, na sungura mwenyewe akasikia.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika, kitinda mimba akaja akasimama mbele yangu, kidole mdomoni.

"Baba, bado unalitafuta lile la bluu?"

"Umeliona?"

"Nililiona siku ile ile."

Siku ile ile! Nimevuta kabati la nguo. Nimeingiza mkono ndani ya kila kiatu cha nyumba hii, na kuna kimoja sitakisahau. "Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Langu ni la njano. Ulisema lisilo lako pita kimya."

Nikameza mate. "Haya, mama. Sheria nimeifuta. Liko wapi?"

Akatikisa kichwa. "Utafute. Mimi nitasema moto na baridi."

Nikaweka simu, nikapiga magoti. Chini ya meza: "Baridi." Nyuma ya pazia: "Baridi." Nikatambaa hadi kwenye rafu ya viatu, mgongo unalia kama mlango wa ghala: "Baridi sana, baba." Wale wengine wakatoka vyumbani kutazama. Kijana wa 14 akaanza kunirekodi. Mama yao yuko jikoni anacheka kimya kimya, mabega yanamwonyesha. Nikasema potelea mbali, na linuke, mimi nimechoka. Nikarudi nikajitupa kwenye kiti changu kwa uzito wangu wote.

"Moto!" akaruka. "Moto, baba! Moto sana!"

Ndipo nikakumbuka. Alfajiri ile, yai la mwisho mkononi, nilikaa hapa dakika moja kupumzisha kiuno, nikalisukuma kwenye ule mwanya wa mto na mkono wa kiti, nikajiambia hapa hathubutu mtu. La bluu. Lile ambalo sikulizungusha.

Kitu kimefanya "ka" chini yangu.

Mke wangu anaita kutoka jikoni anauliza kama limepatikana. Sijamjibu. Nimechukua simu yangu taratibu, naandika, na sijajisogeza hata kidogo.