Fundo la mwisho wa kamba, na nani aseme kwanza

Tarehe 1 Oktoba 2025, Balin Miller, kijana wa miaka 23 kutoka Alaska, alianguka na kufa kwenye ukuta wa El Capitan, katika hifadhi ya Yosemite huko California. Ukuta huo una urefu wa karibu mita 900. Alikuwa ameupanda peke yake, kwa njia iitwayo Sea of Dreams, na kazi ya kupanda ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni mzigo. Begi lilikuwa limenasa huko chini, akashuka kwa kamba kwenda kulinasua, na kwa maelezo ya ndugu yake, akapitiliza mwisho wa kamba. Bondeni walikuwepo watu waliokuwa wakimfuatilia kwa siku kadhaa, na mmoja wao alikuwa akirusha mbashara TikTok. Msiba huo ulikuwa na mashahidi wa kwenye simu kabla haujawa na mwili.

Mabishano yaliyofuata tunayajua vizuri hapa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, ingawa kazi yetu ni ya miguu zaidi kuliko kamba. Akifa mtu mlimani, makundi ya WhatsApp ya waongoza watalii na wagumu, yaani wapagazi, hugawanyika pande mbili siku hiyohiyo. Upande mmoja unauliza: ilikuwaje, alikuwa kambi gani, alikuwa na nani, vifaa vyake vilikuwa katika hali gani? Upande wa pili unajibu: jamani, mwili bado haujafika mochwari, ninyi mmeshaanza kumchambua. Na kila upande huona mwenzake hana utu.

Tuanze na kamba yenyewe, maana ubishi usiogusa kamba ni porojo. Anayeshuka kwa kamba hashikiliwi na nguvu za mkono wake. Anashikiliwa na msuguano wa kamba inayopita kwenye kifaa kilichofungwa kwenye mkanda wake wa kupandia. Msuguano huo upo mradi kuna kamba chini ya kifaa. Ncha ikishapita, basi. Wengi hudhani kitanzi cha kujibana, kile cha prusiki kinachofungwa chini ya kifaa, kitawaokoa. Hakitawaokoa. Kazi ya kitanzi hicho ni kubana kamba pale mkono unapoachia; ncha ya kamba hukipita kwanza, kisha hupita kwenye kifaa, na kitanzi hubaki kimekumbatia hewa. Dawa ni fundo kwenye ncha: lile nene la mizunguko mitatu, mkia wake uachwe sentimita 30 au zaidi, likazwe kwa nguvu kabla kamba haijaachiwa chini. Likifika kwenye kifaa linagoma, na mtu ananing'inia pale, ameaibika kidogo, mzima wa afya.

Sasa mbona wenye uzoefu huliacha? Sababu zao si za kipuuzi. Ukishuka kwa kamba iliyokunjwa katikati, ukifika chini unavuta upande mmoja ili upande wa pili upande, upite kwenye pete ya juu na kamba yote ikurudie. Ukisahau kufungua fundo, linapanda hadi kwenye pete, linakwama, na wewe umebaki katikati ya ukuta bila kamba. Kwenye upepo mkali ncha yenye fundo hupeperushwa pembeni ikaingia kwenye ufa na kung'ang'ania humo. Haya hutokea kweli. Lakini yana njia zake: kila ncha ifungwe fundo lake peke yake badala ya kuziunganisha, na kwenye upepo kamba isitupwe, ikunjwe na kuning'inizwa kiunoni, uiachie kidogo kidogo unavyoshuka. Na kamba moja iliyofungwa juu moja kwa moja, ambayo utairudia mwenyewe kupanda, haina pete ya kupitia. Ikinasa, umepoteza nusu saa na umetukana mara mbili tatu.

Kuna mtego mwingine unaoonekana mdogo. Kamba huchakaa nchani kwanza, na mwenyewe hukata sehemu iliyochakaa. Akikata mita 3 upande mmoja mwaka huu na mita 2 mwakani, kamba bado anaiita "ya sitini" wakati ni ya 55, na alama ya katikati haipo tena katikati. Hapa kwetu, ambapo vifaa vingi huachwa na wageni kama zawadi au huuzwa mkono wa pili, hilo si jambo la kufikirika. Kamba isiyojulikana historia yake hupimwa kwa mikono, pima kwa pima, kabla ya kupanda gari.

Wanaotaka tuzungumze mapema hupenda kumtaja mpandaji Brad Gobright. Alikufa tarehe 27 Novemba 2019 huko El Potrero Chico, Meksiko, akiwa na miaka 31. Yeye na mwenzake walikuwa wakishuka kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye upande wake wa kamba, uzito wa mmoja ukimshikilia mwingine. Kamba haikuwa imegawanywa sawasawa, na ncha hazikuwa na mafundo. Ncha ya upande wake ilipopita, wote wawili walianguka. Mwenzake alinusurika, na hakukaa kimya: alieleza mapema, kwa uwazi, nini hakikufanyika. Wapandaji wa nchi nyingi wakajua ndani ya siku chache kwamba kilichoua ni ncha mbili tupu, si ugumu wa jabali.

Hoja ina nguvu. Ila mnyamazaji ana jibu, na lazima lisikilizwe: miaka 6 baadaye, ncha ileile imeua tena. Kama maelezo yangetosha, kijana wa 2025 asingekufa kwa jambo ambalo kila mpandaji wa kizazi chake alilisikia. Mpandaji Todd Skinner, aliyekufa Yosemite Oktoba 2006 kitanzi cha mbele cha mkanda wake wa kupandia kilipokatika, alijua kwamba kimechakaa. Mwenzake alikuwa amemwambia, na mkanda mpya ulikuwa umeagizwa. Kujua na kufanya ni vitu viwili, na uchambuzi wa mtandaoni hushughulikia cha kwanza tu.

Halafu kuna Tito Traversa, na hapa ndipo wanaoharakisha wanapaswa kukaa chini. Alikuwa mtoto wa Kiitaliano wa miaka 12, hodari kuliko watu wazima wengi, aliyeanguka Orpierre, Ufaransa, Julai 2013, akafariki siku chache baadaye. Aliyetazama toka chini angesema: mtoto mdogo, wazazi wamezidi. Kosa lilikuwa mahali pengine kabisa. Vile vipande vya utepe wenye karabina mbili (pete za chuma zenye mlango), moja ya kwenye jabali na moja ya kupitishia kamba, huwa na mpira mdogo upande wa kamba ili karabina isizunguke. Utepe wenyewe ndio unaopaswa kupita ndani ya karabina. Mpira ni wa kuishikilia tu isicheze. Vipande kadhaa alivyotumia vilikuwa vimeunganishwa vibaya, karabina ikiwa imeshikwa na mpira peke yake. Kwa macho vilionekana sawa, na bila uzito vilikaa sawa. Uzito wa mtoto ulipokuja, mpira ukaachia. Hakuna darubini inayoona kosa kama hilo kutoka bondeni, na hakuna mtoa maoni wa siku ya kwanza ambaye angeligundua.

Kwa hiyo uharaka na ukweli si ndugu wa tumbo moja. American Alpine Club, chama cha wapandaji huko Marekani, imekuwa ikitoa ripoti za ajali kila mwaka tangu 1948. Kila tukio lina sehemu mbili, kilichotokea na uchambuzi wake, na kwa kuwa hutoka mara moja kwa mwaka, msiba unakuwa umeshapoa na vifaa vimeshakaguliwa. Nadhani huo ukawaida wake wa kuchosha ndio nguvu yake. Ajali inapochambuliwa kila mwaka, familia haioni kwamba mtoto wao peke yake ndiye aliyeanikwa.

Hapa mlimani kwetu tunao mfano wetu. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, juu ya kambi ya Arrow Glacier, yakaua Wamarekani watatu. Njia ilifungwa, uchunguzi ukafanyika, na maelezo yaliyotoka yalikuwa ya kazi: barafu inayoshikilia mawe inapungua, jua likiyapiga mawe yanaachia. Kutokana na hilo kila anayeipeleka safari njia ile leo anajua kutoka kambini kungali giza, kuvaa kofia ngumu, na kuvuka sehemu ya hatari bila kusimama kupiga picha. Hakuna aliyesema kwamba kueleza mwendo wa mawe ni kuwakosea heshima marehemu.

Labda ni kwa sababu mawe hayana mwajiri. Mtu anapoanguka au kuzidiwa, maelezo yana bei. Mwongozaji analipwa kwa safari, na leseni ndiyo shamba lake. Akisema mgeni alianza kuyumba tangu jana jioni na hatukushuka, ameshajitia kitanzi. Akisema mgumu alikuwa na zaidi ya kilo 20 zinazoruhusiwa alipokuwa akipanda ukuta wa Barranco, mahali ambapo mikono yote miwili inatakiwa kwenye jiwe na si kichwani kwenye mzigo, amemshitaki bosi wake. Ndiyo maana sehemu ya kimya chetu kinachovaa kanga ya heshima ni hofu ya kukosa safari ya wiki ijayo. Wanaotetea kimya wanajua hili, na wengi wao, kwa haki kabisa, wanawalinda vijana wasio na mkataba. Lakini kimya hichohicho kinamlinda pia aliyepima mzigo vibaya.

Na simu imebadilisha mambo. Tangu intaneti ya kasi ilipofikishwa kambi ya Horombo, mita 3,720, mwaka 2022, habari inashuka mlima kabla ya machela. Kutoka kambi ya Barafu hadi geti la Mweka ni mteremko wa karibu mita 3,000, saa nyingi za mabega na gurudumu moja. Ujumbe unachukua sekunde. Mama anaweza kuona picha ya buti za mwanawe huko Kibosho wakati wabebaji bado hawajauona msitu.

Hoja ninayoikataa ni ile inayosema mila zetu haziruhusu kuongelea chanzo cha kifo. Si kweli. Nenda msiba wowote Uchagani, kabla marehemu hajashushwa kaburini kihambani, kwenye shamba la ukoo, husomwa wasifu. Humo husemwa alizaliwa lini, alisoma wapi, na kisha: alianza kusumbuliwa na nini, akapelekwa hospitali gani, mauti yakamfika saa ngapi. Chanzo kinatajwa hadharani, mbele ya kanisa zima na watoto. Mila haikatazi jambo. Inapanga nani alitamke, na huyo ni msemaji wa familia, si jirani aliyekuwa anapita.

Ukilichukua hilo kama kipimo, kesi ya El Capitan inaonekana kwa mwanga tofauti. Ndugu wa marehemu alisema mwenyewe, mapema, kwamba kijana alipitiliza mwisho wa kamba. Alilisema mwenye msiba. Baada ya hapo kuzungumzia mafundo si uvamizi tena. Kilichobaki kuwa uvamizi ni ile video, na zile sentensi za "alikuwa mzembe", "alitaka sifa". Mtu aliyekuwa amekaa ukutani siku nyingi, amemaliza, amebakiza begi moja, si mzembe. Amechoka, na kichwa chake kimeshafika juu. Hapo ndipo hatua ndogo hurukwa, na ndiyo maana ncha hufungwa fundo asubuhi, kichwa kikiwa kizima, isingoje jioni kukumbukwa.

Kwa upande wangu nakubaliana na wanaotaka tuseme, ila nakubaliana na wanyamazaji kuhusu zamu. Siku ya kwanza: mahali, saa, idadi ya waliohusika, na kwamba familia imeshaambiwa. Jina, mpaka familia ilitoe. Picha, hapana. Baada ya maziko, wenzake waliokuwepo waandike ukurasa mmoja wa kamba, urefu, mafundo, mzigo, saa za kuondoka, hali ya hewa, bila neno moja la tabia. Kwa anayefikiria kupeleka vijana kujifunza kamba chini ya Mawenzi, kilele cha mita 5,149 chenye mwamba mbovu unaobomoka mkononi, ukurasa huo una thamani kuliko hotuba.

Lakini kuna kazi moja isiyosubiri maziko, na hufanyika mara chache. Vifaa vya aliyeanguka visifunguliwe. Fundo lililopo libaki lilivyo, karabina ibaki ilipo, vipigwe picha kwa karibu kabla ya kuingizwa kwenye mfuko, na mfuko uandikwe tarehe. Hapa Moshi kamba, mkanda na kofia mara nyingi ni vya stoo. Safari ikirudi Jumanne, vinaoshwa Jumatano, na Alhamisi vinatoka na kundi jingine. Kilichokuwa ushahidi kinaning'inia kwenye kiuno cha mtu mwingine. Mwenye stoo atoe namba ya kamba hiyo kwenye daftari na kuiweka kando, hata kama ina mwezi mmoja tu.