Eti Nivute Pumzi

Jana asubuhi kwenye daladala, kati ya Kimara na Manzese, dereva kafungulia redio. Mtaalamu mwenye sauti laini anatufundisha jinsi ya kukabiliana na msongo wa mawazo msimu huu wa sikukuu. Eti upange bajeti mapema. Eti ujifunze kusema hapana. Eti ukizidiwa, tafuta sehemu tulivu, vuta pumzi taratibu kwa pua, uitoe kwa mdomo. Muda huo mimi nimesimama kwa mguu mmoja, wa pili uko juu ya ndoo ya mtu ya dagaa, na kwapa la konda liko usawa wa pua yangu. Nikavuta pumzi. Sitarudia.

Lakini kilichonikera hasa ni hilo la kusema hapana. Hapana namwambia nani? Mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, aliyeandika kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya watu wote, kwamba "ahadi ya mzee wetu bado tunaisubiri kwa hamu"? Mlinzi anayenitakia Krismasi njema tangu tarehe moja, mkono mmoja kwenye geti, mwingine kiganja juu? Mama mkwe? Huyo mtaalamu kaoa kweli?

Mimi, kwa wasionijua, ni mtu na heshima zangu. Mtaani naitwa mzee, mjumbe hunipigia kabla ya kuitisha kikao, na sijawahi kugombana hadharani, ukiondoa lile suala la maji ya kisima. Nimezaliwa Singida, nimeoa Rombo, Kilimanjaro. Mwenzangu aliyeoa Rombo kashanielewa. Desemba ikikaribia katikati, Mchaga anaanza kusikia harufu ya nyumbani. Hata Mangi wa hapa mtaani, ambaye mwaka mzima hajawahi kufunga duka hata akiwa na malaria, kashusha mlango na kuondoka na ufunguo na deni langu. Huko kunawangoja shamba la kihamba, mbuzi wa ndafu, supu ya kisusio, pombe ya mbege, komunio ya mtoto wa shangazi, kipaimara cha mtoto wa dada yake shangazi, na kikao cha ukoo ambacho mkwe kutoka Singida huketishwa pembeni akaulizwa anajenga lini.

Nauli siizungumzii. LATRA, wasimamizi wa usafiri, walishatangaza nauli kikomo, na pale stendi ya Magufuli, Mbezi, imeandikwa ukutani. Kijana wa dirishani akaniambia, "Mzee, hiyo ya ukutani ni ya kusoma. Ya kulipa ni hii." Nikalipa. Tarehe 23, usiku, maana tangu mabasi yaruhusiwe kukesha barabarani mwaka 2023, mama watoto kaamua kulala kitandani ni anasa.

Sasa fundi. Hapa naomba mnivumilie.

Kitambaa nilimpelekea mwanzoni mwa Novemba. Kitenge cha buluu chenye maua ya njano, kutoka Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ambako mama watoto alizunguka tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri akitafuta yadi za kututosha wote, kwa sababu mwaka huu amri imetoka Rombo: kila familia na sare yake, picha ya ukoo itapigwa. Fundi akatupima mmoja mmoja, akaandika kwenye daftari, akapokea advansi, akaapa tarehe moja Desemba nguo ziko tayari. Tarehe moja akasema umeme unasumbua. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Wiki iliyofuata ikawa bado vifungo tu. Kila nikipiga simu, vifungo tu. Nikaanza kujiuliza kama anavichonga mwenyewe.

Basi jana nikashuka Manzese, nikasimama nje ya kibanda chake. Pazia limeshushwa, ndani cherehani inalia. Nikapiga simu. Ikaita humo humo ndani. Cherehani ikanyamaza.

"Shikamoo mzee wangu," sauti ikaniingia masikio yote mawili, hili kwa simu, hili kwa pazia. "Niko Kibaha huku, tumepata msiba."

"Marahaba. Pole sana. Nani tena?"

"Babu."

Babu huyo alishafariki Pasaka. Akafariki tena Idi. Nikafungua pazia.

Ungedhani atashtuka. Akaniangalia simu ikiwa bado sikioni, akaniambia kwa simu hiyo hiyo, "Ah, kumbe mzee umeshafika! Ngoja nikate, tusimalize salio."

Mle ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Kwenye benchi yupo mzee mmoja amejifunga kikoi, suruali aliyokuja nayo inapunguzwa kiuno. Wapo dada wawili, wasimamizi wa harusi ya jana hiyo hiyo, magauni yao hayana migongo. Na yupo mama mmoja wa baibui, kimya, ameshika mwavuli kwa namna ambayo fundi kila akihama anahakikisha cherehani imebaki katikati yao.

"Fundi, nguo."

"Ziko tayari, mzee. Bado vifungo tu."

"Nipe hivyo hivyo bila vifungo."

Akapanda stuli, akaanza kuchokonoa lundo. Zikaporomoka sare za shule, kanzu yenye mkono mmoja, joho la kwaya, suti ya mtu ambaye nadhani alishaoa na watoto wanasoma. Mwisho kabisa ukatoka mfuko niliompelekea mwenyewe. Ndani, kitenge changu, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, karatasi ya kiwanda haijabanduliwa, wanga unanukia. Mkasi haujakigusa, isipokuwa pembeni kidogo, pametoka kipande cha mviringo, kimekatwa kwa ustadi mkubwa.

"Hivi ndivyo vifungo tu?"

"Mzee, kushona si kazi," akasema. "Kazi iko kwenye vifungo."

Nikaamua kutumia busara. Nikakohoa, nikaweka mikono nyuma, nikatoa sauti ya kikao: "Kijana, mimi na wewe tulipatana." Naye akaweka mikono nyuma. "Kweli kabisa mzee, na siwezi kukuangusha. Ndiyo maana sikukata. Nilitaka nikupime upya, tangu ile Novemba umenenepa." Benchi zima likaniangalia tumbo. Yule mzee wa kikoi akatikisa kichwa kukubali. Kabla sijajibu, utepe umeshanizunguka, na fundi anaguna kama daktari aliyeshika majibu mabaya. "Unaona sasa? Kitambaa hakitoshi. Shati lako litakuwa la mikono mifupi, na yule mtoto wa mwisho tumfanyie kizibao tu."

"Hakitoshi vipi, na yadi zote zile?"

Hapo ndipo macho yangu yakaenda kwenye kona, kwa kijana wake anayepuliza pasi ya mkaa. Kichwani kavaa kofia. Kofia ya buluu. Maua ya njano.

"Hiyo," fundi akawahi, "nilikuwa naangalia kama kinachuja rangi."

Heshima ikaniponyoka. Nilipiga kelele ndugu zangu, kelele ambazo Singida walizisikia. Nikamtaja babu yake, wa Pasaka, wa Idi na wa Kibaha. Wale dada wa harusi wakaanza kulia, mama wa baibui akanyanyua mwavuli, watu wakajaa mlangoni, muuza karanga akapata soko. Yule kijana wa pasi akavua kofia taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea kupuliza mkaa. Na fundi, katikati ya vurugu zote, akaniuliza kwa upole wa mchungaji:

"Lakini mzee, Krismasi si tarehe 25? Leo 22. Haraka ya nini?"

"Nasafiri kesho usiku!"

"Sasa mbona hukusema kama unasafiri?"

Benchi likamuunga mkono! "Kweli mzee, ungesema," akanilaumu yule asiye na suruali. Mpaka muuza karanga akasema ningesema.

Tukapatana kwamba atakesha, na leo usiku atazileta mwenyewe Mbezi kwa bodaboda kabla basi halijatoka. Nimempa hela ya bodaboda. Nimempa na ya vifungo.

Nacheka ninavyoandika, lakini usiku sikulala. Nilikaa sebuleni na kalamu nikapanga hiyo bajeti ya redioni. Nauli ya kwenda nikaiandika, ya kurudi nikaiachia nafasi. Mchango wa mbuzi. Komunio. Kipaimara. Kisha Januari ikajileta yenyewe, sikuiita: kodi, na mwenye nyumba hapokei ya mwezi mmoja, anataka miezi sita kwa mkupuo. Shule zinafunguliwa. Ada ilifutwa, sawa, tangu 2016 huku sekondari tunashukuru, lakini viatu havikufutwa, madaftari hayakufutwa, begi la mwaka jana limeachia zipu, na huyu wa kidato cha kwanza kaja na orodha ndefu ina mpaka fyekeo. Mshahara wa Desemba wenyewe umetoka mapema kwa ajili ya sikukuu. Watu wanashangilia! Mshahara ukitoka tarehe 20, unajua kutoka hapo hadi mwisho wa Januari ni umbali gani? Dar mpaka Moshi ni karibu kabisa. Nikaandika, nikajumlisha, nikajumlisha kuanzia chini kwenda juu nikidhani huenda itapungua. Mtu akae na hesabu hiyo halafu aambiwe tatizo lake ni pumzi.

Saa kumi alfajiri simu ikaita. Mama mkwe. Kwao saa kumi watu wameshakata majani ya ng'ombe.

"Baba, hamjambo? Mje na kreti."

"Kreti ya soda, mama? Huko soda hamna?"

"Soda zipo. Kreti hakuna."

Wenye maduka huko hawakupi soda bila chupa tupu, na chupa zote za kijiji ziko kwenye vipaimara. Kwa hiyo mimi, mtu mzima, nitabeba kreti la chupa tupu kutoka Dar es Salaam, Chalinze, Segera, Same, Moshi, mpaka Rombo, nikanunue soda zilizo pale pale. Na kreti letu lenyewe jirani aliliazima tangu Pasaka. Nimelifuata asubuhi hii. Kanipa kwa tabasamu, na kweli zimo chupa 24, nimezihesabu. Ila mbili ni za bia, na moja ina mafuta ya taa mpaka nusu.

"Hiyo tumia tu," akaniambia, "zawadi ya sikukuu."

Zile za bia nimezificha chini ya nyingine. Hii ya mafuta ya taa nimeiosha kwa sabuni ya unga na mchanga, nikaiosha kwa majivu na ndimu, mama watoto akainusa, akasema bado. Nikatia maji ya moto, ikapasuka chini. Sasa zimebaki 23, na kreti halipokelewi na pengo. Nimetumwa dukani kutafuta chupa tupu moja. Duka gani? Mangi kaondoka na ufunguo. Na hapa ninapoandika, kijana wa basi amepiga simu, kasikia nina mzigo, anauliza ni wa aina gani ili anikadirie bei.